Picha ya Maji Haiwezi Kuisoma HER2

Mama mmoja aliyekuja kupigwa MRI ya matiti katika hospitali ninakofanya kazi alinisikilizisha ujumbe wa sauti aliotumiwa na wifi yake, uliodai kwamba siku hizi ipo MRI ya difyusheni inayobainisha aina ya saratani bila sindano, hivyo asikubali kuchukuliwa kinyama, kwani uvimbe ukichokozwa unasambaa. Ningelipuuza jambo hilo kama uvumi mwingine wowote, lakini siku chache kabla nilikuwa nimemsikia mtaalamu mwenzetu, tena mwenye shahada za kujaza ukuta, akitamka karibu maneno yayo hayo katika semina ya mtandaoni: eti karibuni tutaijua hali ya HER2, protini inayochochea baadhi ya saratani za matiti kukua, na ya vipokezi vya homoni, yaani protini za seli zinazopokea homoni kama estrojeni, kwa kuangalia picha tu. Wifi nimemsamehe. Mtaalamu bado.

Difyusheni hupima jambo moja, nalo ni jinsi molekuli za maji zinavyosogea ndani ya tishu. Seli zikibanana, maji hupita kwa taabu kama mtu anayekatiza Kariakoo mkesha wa Idi, na thamani ya ADC, yaani namba inayoeleza wepesi wa maji kusogea, hushuka. Huo ni ujuzi mkubwa ambao Denis Le Bihan wa Ufaransa alichangia kuuasisi katikati ya miaka ya 1980, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na anayekichukua kipimo cha msongamano wa seli na kukifanya shahidi wa protini iliyo juu ya utando wa seli. Jipu la titi la mama anayenyonyesha hushusha ADC kama saratani, kwa kuwa usaha ni mzito. Saratani yenye ute mwingi, kinyume chake, huweza kuwa na ADC ya juu kama uvimbe usio na madhara. Namba inayoweza kuchanganya usaha na saratani ndiyo itusomee HER2?

Zipo tafiti zilizoona ADC ikiwa chini kidogo kwenye uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni na juu kidogo kwenye wenye HER2, na ndizo hizo zinazopeperushwa kwenye semina. Lakini wastani wa kundi si jibu la mgonjwa mmoja, na makundi hayo yanaingiliana mno. Mwaka 2019 jarida la BMC Cancer lilichapisha uchambuzi wa vituo kadhaa uliowahusisha wanawake 661, na hitimisho lake lilikuwa wazi kwamba ADC haiwezi kubashiri aina ya kimolekuli ya saratani ya matiti. Slaidi yenye habari hiyo sikuiona.

Wanaokaa mbele ya kompyuta ya kusomea picha wanaelewa sababu. Unachora duara dogo juu ya sehemu nyeusi zaidi ya ramani ya ADC, ukikwepa katikati palipooza na mafuta ya pembeni, na namba inatokea. Lisogeze duara milimita mbili, nayo inabadilika. Mwenzako anauzungushia uvimbe wote duara kubwa na kupata namba ya tatu. Ishara ya mafuta isipozimwa sawasawa kwenye picha, kwa sababu mgonjwa amelala vibaya au mashine imezeeka, hata ya kwanza haiaminiki. Hiyo ndiyo imwamulie mwanamke kama apewe tamoksifeni, dawa ya saratani yenye vipokezi vya homoni, au trastuzumabu, dawa ya saratani yenye HER2?

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kipimo chenyewe kina kazi. Hakihitaji gadolini, ile dawa ya kung'arisha picha inayodungwa mshipani, huongeza dakika chache tu, na utafiti wa A6702 wa Marekani ulionyesha kuwa kuacha sindano pale ADC inapozidi kikomo cha 1.53 kungeweza kupunguza sindano kwa asilimia 20.9 bila kuachia saratani. Hata hivyo, sindano zilizopunguzwa pale ni za vivimbe ambavyo havikuwa saratani, si za wanawake wanaosubiri kujua watibiwe kwa dawa gani. Katika kufuatilia tiba kemikali, utafiti wa ACRIN 6698 uliochapishwa mwaka 2018 uliona mabadiliko ya ADC katika wiki ya 12 yakibashiri matokeo kwa kiwango cha 0.60, ambapo 0.50 ni kubahatisha na 1 ni kupatia kila mara. Ni mwanzo mzuri, si muujiza.

Kinachonikera ni kwamba kwetu hofu ya sindano tayari inaua. Nimeona wanawake walioikimbia wakarudi uvimbe umeshapasua ngozi, na sasa tunawapa kisingizio chenye sura ya sayansi, ilhali kinachowachelewesha waliokubali sindano mara nyingi ni kile kipande cha nta kilichohifadhi kinyama chao, kinachokaa maabara wiki kadhaa kikisubiri kemikali za kupima vipokezi. Fedha za semina zingenunua kemikali hizo.

Katika ripoti tuandike ADC, tuandike thamani ya b iliyotumika (nguvu ya mpangilio wa mashine wa kupima difyusheni) na mahali duara lilipochorwa, na sehemu ya vipokezi tuiache wazi hadi patholojia, maabara inayochunguza kinyama, ijibu. Anayetaka kuijaza HER2 kutoka kwenye picha aandike chini yake jina lake kamili na namba yake ya usajili.