Mji mdogo nao uwe na hisa kwenye njia kubwa ya umeme

Marekani kuna takriban mashirika 2,000 ya umeme yanayomilikiwa na miji na taasisi nyingine za umma. Mengi ni madogo: nguzo za mitaani, transfoma, mita, na kituo kimoja au viwili vya kupoza umeme. Njia kubwa ni mali ya kampuni nyingine, na mji hulipa tozo ya kusafirishiwa umeme mwaka hadi mwaka. Naona mji wa namna hiyo hupoteza mara mbili: ndani ya tozo mna faida ya mwenye njia, na siku ramani ya njia mpya inapochorwa, mji wenyewe haupo.

Katika jimbo la Minnesota walifanya vingine. Mwaka 2004 ulianza mpango wa pamoja wa kujenga njia kubwa, CapX2020, ukakusanya mashirika 11. Zilikuwamo kampuni za wanahisa kama Xcel Energy, vyama vya ushirika kama Great River Energy, na kwa upande wa miji, Rochester Public Utilities pamoja na wakala zinazoundwa na miji mingi kwa pamoja. Hadi 2017 walikuwa wamejenga karibu kilomita 1,300 za njia, nyingi za kilovolti 345, kwa takriban dola bilioni 2.

Hesabu ninayoitetea ni hii: hisa ya mji ilingane na mzigo wake, yaani umeme unaoutumia. Chukua mji unaobeba asilimia 5 ya matumizi ya eneo saa ya kilele. Utalipa asilimia 5 ya gharama za njia, upende usipende. Ukimiliki asilimia 5 ya njia hizo, unachotoa kama mtumiaji kinakurudia kama mmiliki. Ukimiliki asilimia 1, sehemu nne kati ya tano ya malipo yako inakwenda kwa wengine.

Mtaji ndio silaha ya miji. Riba ya hatifungani zao (hati za mkopo wanazouza) kwa kawaida haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu, hivyo hukopa kwa bei nafuu. Lakini sheria hiyo hiyo ya kodi inaweka kikomo cha kampuni binafsi kutumia mali iliyojengwa kwa fedha hizo. Mwanasheria wa hatifungani ausome mkataba wa ubia kabla haujasainiwa. Baadaye kuurekebisha ni ghali. Tena baraza la mji lisitenge fedha za nguzo na nyaya tu. Upembuzi, vibali na ardhi hula miaka kabla ya senti ya kwanza kuingia, na riba haisubiri.

Ardhi hasa huvuruga bajeti. Kwa kilovolti 345 huko Minnesota, nguzo moja ya chuma husimama mita 40 hadi 53, umbali wa nguzo hadi nguzo ni mita 180 hadi 300, na mkuza, yaani ukanda wa ardhi unaoachiwa njia, una upana wa mita 46 hivi. Mtu akizidisha upana kwa urefu, akapiga bei ya ekari, anadhani amemaliza. Hajamaliza: kwa njia za kilovolti 200 na zaidi, sheria ya jimbo inampa mkulima anayetimiza masharti haki ya kudai shamba lake lote linunuliwe, si mkuza peke yake.

Makadirio nayo hukosea. CapX2020 ilianza kwa kutazamia matumizi yakue kwa kasi, kisha mdororo wa uchumi wa 2008 ukayapunguza. Njia hizo hazikukosa kazi, kwa sababu upepo wa Dakota na Minnesota ya magharibi ulihitaji pa kupita. Ile ya Brookings County hadi Hampton iliingizwa na MISO, msimamizi wa gridi ya eneo, mwaka 2011 kwenye miradi ambayo gharama zake hugawanywa kwa eneo zima. Kwa hiyo mji upime kila njia kivyake: nani atailipia, na itafaa nini iwapo mzigo hautakua?

Mkataba nao uwe wa kila njia, wenye msimamizi mmoja wa ujenzi. Mbia mdogo adai haki ya kukagua vitabu vya msimamizi huyo na kupiga kura gharama zinapovuka kiwango kilichokubaliwa. Na kwa kuwa nguzo nyingi za CapX2020 zilisimamishwa ziweze kubeba saketi ya pili, yaani seti nyingine ya nyaya, baadaye, kifungu kimoja kisisahaulike: nyaya hizo zitakapofungwa, kila mbia awe na haki ya kuwekeza kwa kiwango kile kile cha hisa yake ya kwanza.