Bratwurst haiombi ruhusa kwa mkaa

Ukitaka kumkera mtu wa Thüringen, jimbo la Ujerumani, bila kumtukana, mwambie bratwurst, ile soseji yao ya kuchoma, ya jana usiku umeipikia kwenye kikaango cha hewa (air fryer). Atakuangalia kama mama wa Tanga aliyeambiwa pilau imepikwa kwenye maikrowevu. Mimi naishi Erfurt, makao makuu ya jimbo hilohilo, na macho hayo nimeshayazoea. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee wa watu mwenye jiko lake la mkaa, aliniambia kwa upole kabisa kwamba nilichokula kilikuwa soseji, hilo halibishi, ila bratwurst haikuwa.

Mimi nasema ilikuwa bratwurst, tena tamu. Na naongeza: kwa mtu anayekaa fleti, anayerudi kutoka kazini saa mbili usiku, anayepika soseji mbili na si ishirini, hakuna chombo jikoni kinachoipika vizuri zaidi. Oveni kubwa inachukua muda kupata moto, halafu inakausha. Kikaango cha kawaida kinaunguza upande mmoja na kurusha mafuta hadi ukutani.

Hoja ya wazee wa mkaa naielewa. Soseji hii ina umri mkubwa. Hati ya zamani inayoitaja huku Thüringen ni ya mwaka 1404, kutoka Arnstadt, mji ulio kusini kidogo ya Erfurt. Ni daftari la matumizi la nyumba ya watawa wa kike, na humo wameandika groschen moja, sarafu ya zamani, iliyotoka kununulia utumbo wa kutengenezea bratwurst. Tangu 2003 Umoja wa Ulaya unalilinda jina la Thüringer Rostbratwurst: lazima itengenezwe huku, iwe na urefu usiopungua sentimita 15, na viungo vyake vinajulikana, yaani chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu, kisibiti na marjoramu, kila mchinjaji na kipimo chake. Watu wa Nürnberg, mji wa kusini zaidi, nao walipata ulinzi wa ya kwao mwaka huohuo. Yao ni ndogo, sentimita 7 hadi 9, gramu 20 hadi 25, imejazwa kwenye utumbo wa kondoo, na unauziwa tatu ndani ya mkate mmoja. Watu wa mji wa Coburg hawataki hata mkaa, wanachoma kwa moto wa koni za misonobari. Mtu akikuambia kuna moto mmoja tu halali wa bratwurst, mwulize kwanza ametoka mji gani.

Sasa hapo ndipo naanza kubishana nao. Sheria ya zamani ya watengeneza soseji wa Thüringen tunayoifahamu ni ya mji wa Weimar, mwaka 1432. Ilidai nyama ya nguruwe iliyo safi na mbichi, na anayevunja alipigwa faini. Kilichowaumiza kichwa wakubwa wa Weimar kilikuwa nyama. Hofu yao ilikuwa mteja kuuziwa kilichooza, au kilichochanganywa na kisichotakiwa. Kisha nenda eneo la Franken, huko huko waliko hao wa Nürnberg, uagize Saure Zipfel. Utaletewa bratwurst zilizochemshwa taratibu kwenye siki, vitunguu tele na majani ya bay (bay leaves), zimepauka, hazijawahi kuonana na moto wa wazi. Wafranken wanazila kwa raha zao na hakuna anayewaambia wameisaliti mila. Kama siki inaruhusiwa, upepo wa moto una kosa gani?

Halafu kuna maisha yenyewe. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na kuhamia miji ya huku hatuna bustani. Tuna roshani, tena roshani yenye mkataba wa pango unaokataza mkaa. Mahakama za Ujerumani zimeshaamua kesi nyingi za moshi wa kuchoma nyama, na hukumu hazifanani hata kidogo. Maarufu ni ile ya Bonn ya mwaka 1997: choma kwenye roshani mara moja kwa mwezi, kuanzia Aprili hadi Septemba, na majirani uwape taarifa saa 48 kabla. Saa 48 kwa ajili ya soseji! Kwetu kuna posa zimepelekwa kwa taarifa fupi kuliko hiyo. Ndani ya nyumba nako kuna kitambuzi cha moshi darini, kipo kwa mujibu wa sheria, na kikaango chenye mafuta ya nguruwe kinakiamsha mara moja.

Kwa hiyo mashine. Philips waliiingiza sokoni mwaka 2010 kwa jina la Airfryer, na sasa karibu kila kampuni ya vyombo vya jikoni ina ya kwake. Ndani yake hakuna maajabu: koili ya moto iko juu, feni inausukuma ule moto chini kwa kasi, kikapu kina matundu ili hewa ipite pande zote. Ni oveni ndogo yenye upepo mkali. Lakini kwa soseji huo upepo ndio mpango mzima, kwa sababu unakausha ngozi. Ngozi yenye maji haipati rangi. Maji yanapoisha juu ya ngozi ndipo joto lake linapovuka nyuzi 100 na kupanda hadi kwenye 140 na kuendelea, na hapo ndipo kahawia na harufu vinapoanza.

Ugomvi wangu ni na vile vitabu vya mapishi vinavyokuja ndani ya boksi. Vingi vinakuambia nyuzi 200, dakika kumi na tano, basi. Hayo ni mapishi ya chipsi. Bratwurst mbichi ikipigwa nyuzi 200 tangu mwanzo, utumbo wa nje unakauka na kukaza kabla nyama ya katikati haijapata habari. Baadaye nyama inavimba, maji yake yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, na ngozi iliyokwisha kukauka haina tena uwezo wa kunyumbuka. Inapasuka kwa urefu. Mafuta yote yanaishia kwenye droo, na wewe unabaki na kitu kikavu, cha njano njano, kinachohitaji haradali nusu chupa ili kimezeke. Ukisikia mtu anasema mashine inaharibu bratwurst, kwanza mwulize aliweka nyuzi ngapi.

Mimi napika hivi. Soseji zikitoka kwenye friji nazifuta kwa karatasi ya jikoni hadi ngozi iwe kavu, kisha nazipaka mafuta kidogo sana kwa vidole, yale ya kung'arisha tu. Chini ya kikapu, kwenye droo, namimina maji vijiko vitatu vinne, ili mafuta yatakayodondoka yasiungue na kutoa moshi. Nazipanga zisigusane. Nyuzi 160, dakika kumi, na katikati nageuza mara moja, kwa koleo na kamwe si kwa uma. Mwanzoni huoni kitu, zaidi ya waridi kufifia na kuwa kijivu. Kisha unaanza kusikia tone moja moja la mafuta likiangukia maji, na jikoni panaanza kunukia kisibiti. Soseji inajaa, inakuwa ngumu kidogo ukiibana. Hapo napandisha hadi 190, dakika nne au tano. Sasa ngozi inatoa vipovu vidogo vidogo, ncha zinaanza kuwa kahawia kwanza, rangi inasambaa kuelekea katikati, na ukiigusa kwa koleo inatoa mlio mkavu. Naitoa, naiacha dakika mbili kwenye sahani. Ukiikata ikiwa bado inachemka ndani, ule utamu wote unamwagika mezani.

Kutoboa kwa uma kabla ya kupika ni tabia ambayo sijui ilitoka wapi, na hata wapishi hodari wanayo. Wanasema inazuia kupasuka. Kweli, puto lenye tundu halipasuki, lakini nalo si puto tena. Punguza moto, acha matundu.

Jambo la kuangalia dukani ni kama soseji ni mbichi au imeshachemshwa na mtengenezaji. Kwa Kijerumani kwenye pakiti itaandikwa roh kwa mbichi, gebrüht kwa iliyochemshwa. Mbichi ni laini, waridi, inalegea mkononi, na inatakiwa kupikwa upesi. Iliyochemshwa ni nyeupe kijivu na imeshikamana. Hii ya pili haihitaji ule mwendo wa pole pole, maana imeshaiva na unachotafuta ni rangi na joto tu: nyuzi 180, dakika nane hadi kumi. Zile ndogo za Nürnberg hazifiki hata hapo. Mbichi usiibahatishe kwa macho. Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama ni bei ndogo. Kiingize kwa kupitia ncha, kifike katikati, na nyama ya nguruwe au ng'ombe iliyosagwa ifike nyuzi 71, ya kuku au bata mzinga 74.

Na kwa kuwa nimetaja bata mzinga: wasomaji wengi wa Kiswahili ni Waislamu, na nguruwe hailiki. Huku kuna bratwurst za bata mzinga, kuku, ng'ombe hata kondoo, na kwenye maduka ya Waturuki utazipata za halali. Soma pakiti hadi mwisho, kwa sababu "ya kuku" mbele haimaanishi kwamba ngozi au mafuta ndani si ya nguruwe. Kimapishi hizi ndizo zinazoiumbua mashine, kwani zina mafuta machache na ule upepo unazikausha haraka. Zipake mafuta zaidi kidogo, hatua ya mwisho iwe dakika tatu, na usizisahau ukiwa kwenye simu. Ya kondoo yenye kitunguu saumu cha kutosha, kwa maoni yangu, inaipita ya nguruwe ya kawaida ya supamaketi, na hilo nimelisema mbele ya Wajerumani na bado ninaalikwa.

Sitadanganya kuhusu moshi. Mashine haina. Mafuta yanayodondokea makaa, yakapanda tena juu kama moshi na kuishika ngozi, yana ladha ambayo feni haiwezi kuitengeneza. Wachomaji wa huku pia huzinyunyizia bia zikiwa juu ya wavu, na ule mvuke unaopanda ni nusu ya sababu ya watu kupanga foleni. Sokoni Erfurt, Jumamosi, nami nipo kwenye foleni hiyohiyo. Ila asinilazimishe mtu nile hivyo Jumanne ya Novemba, mvua inanyesha, nina njaa, na mkaa unataka zaidi ya nusu saa kabla haujawa tayari. Mashine ya wati 1,500, hata ikiwaka bila kukatika robo saa nzima, haimalizi yuniti 0.4 za umeme.

Kinachonichekesha ni wauzaji wanaokuja na habari za afya. Chipsi sawa, umeepuka kuzitumbukiza kwenye mafuta. Soseji inakuja na mafuta yake tumboni. Yatapungua kiasi, mengine utayakuta kwenye droo, lakini chumvi ni ileile na nyama ni ileile. Faida ya kweli ninayoweza kuitetea ni kwamba hakuna mafuta yanayoungua juu ya makaa na kurudi kwenye chakula yakiwa na masizi. Zaidi ya hapo, bratwurst ni bratwurst, na asiyetaka mafuta ale maharage.

Cha kulia nayo ni shauri lako. Watu wa hapa wanataka mkate mdogo wenye ganda gumu na haradali ya Born, kampuni iliyoanzia Erfurt hapahapa mwaka 1820, na ukimwaga tomato sosi mbele yao utaona nyuso zikikunjamana. Mimi haradali naikubali. Lakini mkate nikiwa nyumbani nauacha: naikata soseji mishazari, naiweka kando ya ugali, na kachumbari yenye ndimu na pilipili. Ukali wa ndimu unafanya kazi ileile inayofanywa na kabichi yao iliyochachushwa, kukata mafuta, ila bila kungoja wiki kadhaa.

Yale mafuta ya kwenye droo usiyamwage kwenye sinki, yataganda kwenye bomba na fundi wa huku anatoza kwa saa. Yaengue juu ya maji, hayo mafuta yenye marjoramu na chumvi, kaangia kitunguu, tia sukuma wiki iliyokatwa nyembamba. Usiongeze chumvi kabla hujaonja.