Kunguru na kanga ya mke wangu

Kuku wetu alitotoa vifaranga kumi na mmoja Jumatatu. Ijumaa narudi msikitini, nahesabu: vinne. Mke wangu kakaa juu ya mbuzi anakuna nazi, hata kichwa hakuinua. "Usinitazame mimi," akasema. "Mtazame yule."

Yule alikuwa juu ya bati, shingo ya kijivu, anapangusa mdomo wake upande huu, kisha upande huu, kama mtu aliyetoka kwenye biriani ya harusi.

Asiyeijua Unguja nimweleze. Kunguru hawa si wetu. Waliletwa kutoka India miaka ya 1890, wakati wa Waingereza, waje watusafishie taka za mji. Ukiusikia mpango unaona akili tupu. Ila kunguru hawakuambiwa kuwa riziki yao ni taka peke yake. Wakaona mayai, wakaona vifaranga, wakaona makinda ya ndege wadogo, wakaona na samaki wa watu. Jaa wakaliweka akiba. Kufika 1917 serikali ikawa inatoa zawadi kwa anayewaua. Miaka ya 1990 wakategewa sumu kwenye nyama, wakapungua kweli. Mpango ulipokatika wakarudi, na naapa wamerudi na nongwa.

Mimi nikajiona nimezishinda akili serikali zote hizo. Nikaenda Malindi, hapa hapa Unguja mjini, nikaomba kipande cha wavu mkuukuu kwa mvuvi mmoja, nikautandaza juu ya ua. Siku ya pili kunguru kanasa mguu. Nikatoka na ufagio. Sikumuua, wallahi; nilimpiga moja tu la kumtia adabu, akachomoka na kuniachia manyoya. Lakini ukelele alioupiga! Punde si punde mwembe wa jirani ukawa mweusi.

Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, wanasema. Aliyesema hakukaa mtaani kwetu.

Tangu siku ile nikitia mguu nje, kraa! wananijia utosini. Kofia yangu ya mkono ilidonolewa ikaangukia mtaroni. Nikatoka bila kofia: wananijua. Nikavaa miwani: wananijua. Na watu wengine wanapita chini ya mwembe uleule salama salimini.

Siku ya nne nikaivuta kanga ya mke wangu kambani, nikajitanda gubigubi. Wakanipisha! Nikapita kwa madaha yote. Kwenye kona nikakutana na kitoto kinatoka chuoni, kina adabu zake: "Shikamoo, bi mkubwa."

Ningenyamaza yangekwisha. Mdomo ukanitangulia: "Marahaba," kwa sauti yangu hii hii inayoitikia "Amin" hadi safu ya nyuma ikashtuka.

Mtoto kaacha kandambili moja pale pale, anapiga kelele "Jini! Jini!" Wazee wa barazani wakasimama na vikombe vyao. Mimi kutaka kumtuliza mtoto, kanga ikanivuka. Na kule juu ya mwembe, wakaniona.

Hiyo mbio niliyopiga sitaki kuisimulia.

Kesho yake mke wangu, hana habari ya lolote, kajitanda kanga ileile anakwenda Darajani. Jina la kanga, Mungu shahidi, "Hasidi hana sababu". Hata mtaroni hakufika. Nilimsikia kabla sijamuona. Akarudi kiatu mkononi, kanga imetoboka pale pale penye "sababu", akaniuliza polepole, ule upole wa kuogopesha: "Kanga yangu uliifanya nini?"

Sasa nalala ukumbini. Vifaranga wamebaki wawili, na wavu umeshanasa paka wa jirani mara mbili, kunguru hata mmoja tena.

Jana mzee mmoja barazani, bado anacheka, kanishauri nitafute nguchiro. Mnyama hodari, anasema, atapanda mwembe amalize mayai yote ya kunguru.

"Na kuku wangu, mzee?"

Akaipuliza kahawa yake, akapiga funda.

"Hilo tutalitazama baadaye."