Wanywa pombe wote mnaogopa ini, madini je?

Kaa baa yoyote utasikia ini tu, oh fulani kavimba tumbo, oh ini limekwisha. Sibishi, ila kuna kitu kinaweza kukuangusha wakati ini bado linavumilia na hakuna anayekitaja, nacho ni madini kwenye damu kuvurugika, yaani potasiamu, magnesiamu na wenzao.

Mimi nimejulia kwa mjomba. Mzee wa mzinga, kula hataki, ukimtengea ugali anamega tonge mbili anasukuma sahani. Ikaanza usiku, shavu la mguu linakaza anapiga yowe nyumba nzima tunaamka, asubuhi chai anaishika kwa mikono miwili na bado inamwagikia kisosi. Sisi tukasema arosto hiyo, mpeni kidogo azimue. Mpaka siku moyo ulipoanza kwenda hovyo ndo tukakimbia hospitali, potasiamu 2.8 wakati ya kawaida inaanzia 3.5, akatundikiwa dripu ya potasiamu siku mbili na haipandi! Akaja daktari mmoja binti mdogo tu, akauliza, magnesiamu mmepima? Kimya.

Kumbe pombe inafanya figo zimwage magnesiamu kwenye mkojo, na ikishakuwa chini sana figo zinashindwa kuishika potasiamu, kwa hiyo ile dripu ilikuwa kutia maji kwenye pakacha. Kalsiamu nayo inaweza kushuka humo humo, ndo unaona vidole vinakakamaa. Walipompa magnesiamu potasiamu ikapanda yenyewe bila kubembelezwa.

Na wa bia msicheke, mtu anayeshinda na bia tupu bila kula sodiamu inaweza kushuka hadi akachanganyikiwa au kupata degedege, maana maji ni mengi na chumvi hamna. Chuma ndo mkaidi, chenyewe pombe inakipandisha, kinaenda kujazana kwenye ini hilo hilo mnaloliogopa.

Kinachoniudhi ni kwamba mnywaji anapimwa malaria, sukari, ini, basi anarudishwa nyumbani. Kwangu mimi mtu anayekunywa kila siku magnesiamu ilitakiwa ipimwe kabla hajalalamika. Na supu ya asubuhi sawa, inarudisha maji na chumvi, ila magnesiamu ya miezi kadhaa hairudi kwa bakuli moja la kongoro jamani.

Mjomba bado anakunywa, anasema kapunguza, siku hizi karanga na maharage namnunulia mimi na simwachii mezani, nakaa pale pale mpaka amalize.