Kumchezesha mama mwenye sonona: tiba au mbwembwe?

Siku hizi hapa Kampala unasikia mjamzito au nakawere, yaani mama aliyejifungua juzijuzi, akizidiwa na mawazo mpaka ni sonona (depression), asikalishwe tu kwenye kiti aulizwe maswali, eti acheze ngoma, afundishwe kupumua, anyooshe mgongo, mawazo yatatoka kupitia mwili. Mi nakubali nusu.

Ukikaa kliniki utaona, mama haji kusema ana huzuni, anasema kichwa kinawaka, moyo unapiga, mwili hauna nguvu, basi anapimwa malaria anapewa panado anarudi nyumbani vilevile. Huyo ukianzia mwilini umemfuata alipo. Na wala si mambo ya wazungu, bibi zetu walikuwa wanamkanda mzazi kwa maji moto na kumfunga tumbo, ila mama wa chumba kimoja mtaa wa Bwaise hapa Kampala bibi yake yuko kijijini, nani amkande?

Sasa ushahidi. Uingereza 2018 walichukua akina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua, na wale waliozidiwa zaidi walipoimba kwa kikundi na watoto wao walipata nafuu haraka kuliko wenzao wa huduma ya kawaida. Safi, lakini ile ni kuimba jamani. Kwa kucheza, mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za afya, kuhusu sonona kwa jumla yalipata tafiti 3 tu, watu 147, na hapo huwezi kuapa kitu. Wakati kukaa kikundi na kuongea tulishajaribu wenyewe, 2002 huko Masaka na Rakai, vijiji 30, saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16, na sonona ilishuka sana.

Kinachonitisha ni mwalimu wa mazoezi aliyegeuka daktari. Kuna mama ana mshono wa operesheni, kuna aliyebakwa ambaye ukimshika bega tu umemrudisha kulekule, na kuna yule asiyelala usiku, anasikia sauti, anasema mtoto si wake, huyo ni wa hospitali leo leo, habari ya kupumua ingoje.

Kwa hiyo kama hela ni kidogo, na ni kidogo kweli, mi nisingefungua darasa jipya la kulipia. Ningeweka robo saa ya kucheza mwanzoni mwa vikundi vya kuongea, ngoma wanazozijua wenyewe, na asiyetaka akae na mtoto wake, asisumbuliwe.