Klarineti inapita, kinyago kinaombewa kibali

Tumbukiza kipande cha kiini cha mpingo kwenye ndoo ya maji: kinazama kama jiwe. Mita moja ya ujazo hupita kilo 1,200. Uzito huo, unaowafurahisha mafundi, ndio unaomponza mchongaji mpakani.

Januari 2017 mpingo na ndugu zake wote wa jenasi ya Dalbergia waliwekwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Wanamuziki wakalalamika, na mwaka 2019 masharti yakalegezwa: ala za muziki zilizokamilika, kama klarineti, ala ya kupuliza inayochongwa kwa mpingo, hazihitaji tena kibali. Bidhaa nyingine zilizokamilika nazo husamehewa, ila mti uliomo usizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Kilo 10 za mpingo ni kama lita nane tu! Kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, watu waliobebana kutoka gogo moja, kikifika kiunoni kimeshavuka kiwango hicho.

Wanaotetea kanuni wana hoja. Klarineti haifiki kilo moja, na vinyago vizito vikiachwa huru, mjanja atagusa gogo kwa tindo mara tatu aliite sanaa. Hapo siwabishii.

Ila wanapima kinachovuka mpaka, si kilichokatwa msituni. Watengenezaji wa ala hutaka kiini cheusi, nyuzi zilizonyooka, kisicho na ufa wala fundo. Mpingo wenyewe hukua umepinda, shina lina mifereji, na mingine imeoza moyo. Sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa maranda na vipande. Mchongaji hakimbii kasoro hizo: palipopinda anapafanya mgongo wa bibi kizee, na ule mti mweupe wa nje akautumia kama nguo.

Hata hivyo, kuwafungia soko watu wa ala kungeumiza Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC, kinachothibitisha kuwa msitu unavunwa kwa uangalifu, kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii, na mteja wa ala ndiye mwenye sababu ya kukilipia cheti hicho. Mti unaochukua miaka 70 au zaidi kufaa kuvunwa hauna mlinzi asiyelipwa.

Ningeanzia kwenye kiwanda kinachopasua mpingo wa ala: vipande vinavyokataliwa viuzwe kwa wachongaji wa Mwenge na Mtwara pamoja na nakala ya cheti cha msitu vilikotoka, ili mwenye kinyago cha kilo 15 awe na karatasi ya kuonyesha anapoomba kibali.