Ndege ndogo kutua usiku: taa za pembeni hazitoshi

Mjamzito anayevuja damu saa 3 usiku huko Loliondo hawezi kungoja alfajiri. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya wanaotaka viwanja vidogo vya ndege viwekewe taa ili ndege zitue usiku, na siibezi. Madaktari wa ndege wa shirika la afya la AMREF, ambao kazi yao ilianza mwaka 1957 na ambao huruka kutoka Uwanja wa Wilson, Nairobi, wamejenga jina kwa kufika kusikofikika kwa gari. Ndege ndogo kama Cessna Caravan haihitaji lami. Changarawe iliyosawazishwa inaitosha. Lakini hapo tunazungumzia mchana, na huku karibu na ikweta jua likizama giza linaingia ndani ya nusu saa tu.

Ninapoachana na watu hao ni pale wanaposema taa zikiwekwa, basi, tatizo limekwisha. Safu mbili za taa za pembeni mwa njia ya kutulia, katikati ya nyika, humdanganya rubani. Haoni upeo wa macho, haoni mti wala paa la kupimia kimo, kwa hiyo hujiona yuko juu kuliko alivyo. Anashusha ndege, na anaweza kugonga ardhi kabla ya kufika njia ya kutulia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mtafiti wa Boeing, Conrad Kraft, aliwajaribu marubani kwenye mashine ya kuigiza urukaji, wakitegemea macho tu kuukaribia mji wenye taa huku chini yao kukiwa giza. Wengi walishuka kupita kiasi, nao walikuwa wazoefu, si wanafunzi.

Kinga yake ipo: taa nne za PAPI kando ya njia, zinazomwonyesha rubani kama anashuka kwa kimo sahihi. Mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa. Zote nyekundu, uko chini mno, pandisha. Bila hizo, taa za pembeni zinamwita tu rubani mtegoni.

Halafu kuna wanyama. Mchana rubani hupita chini mara moja kuwafukuza pundamilia, akazunguka, akatua. Usiku atamwona pundamilia akiwa tayari mbele ya propela. Lazima gari likague njia nzima kwanza.

Wanaotaka kutua usiku kupigwe marufuku kabisa hupenda kumtaja John F. Kennedy Jr., mwana wa rais wa zamani wa Marekani, aliyeanguka baharini na ndege yake ndogo aina ya Piper Saratoga usiku wa tarehe 16 Julai 1999. Mfano huo hauwasaidii sana. Hakuwa amefika kutua; alipotewa na mwelekeo akishuka juu ya maji gizani, na hakuwa na kibali cha kuruka kwa kutegemea vipimo vya ndani ya ndege pekee. Marekani yenyewe haijapiga marufuku: anayebeba abiria usiku anatakiwa awe ameruka na kutua usiku mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita.

Kwangu mimi, mgonjwa aletewe ndege, penye PAPI, gari la ukaguzi na rubani aliyezoea usiku. Mtalii aliyechelewa kwa kumwangalia chui alale kambini, apande ya asubuhi.